Ghorofa ya Pili ya Papa wa Forest

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu husema nilianza kutembea kabla sijaota meno, na ingawa mama huongeza chumvi, hilo namwachia. Katika miaka kumi na moja niliyoishi Brussels nimehama mara sita. Nyumba nilizoingia ambazo si zangu sijui idadi yake, maana miaka minne ya kwanza kazi yangu ilikuwa kusafisha nyumba tupu. Mpangaji akitoka, sisi tunaingia na ndoo. Tukimaliza, anakuja mtu wa kampuni ya nyumba na viatu vinavyolia, anafungua dirisha, anatazama saa, anasubiri wateja.

Siku moja, huko Saint-Josse, nilichelewa kumaliza jikoni na mmoja wa hao akaanza kazi yake nikiwa bado nimepiga magoti mbele ya oveni. Aliwatembeza mume na mke kwa dakika kumi na tano. Hakujua swichi ya maji moto iko wapi, na mimi nilijua. Hakujua kwamba ukuta wa nyuma unatoa unyevu, na mimi ndiye niliyeupangusa asubuhi ile. Wale watu wakasema wanaichukua. Nikajiambia: huyu ana vitu viwili tu, ufunguo na mdomo. Mdomo ninao. Kilichobaki ni ufunguo.

Kumbe ufunguo wenyewe ni miaka. Kwanza masomo ya jioni, ya sheria na ya ujenzi, nikisinzia katikati ya watu walionizidi Kifaransa na usingizi. Halafu mazoezi chini ya wakala mwenye kibali, kila siku ikiandikwa na kutiwa sahihi. Halafu mtihani wa kuandika, na wa mwisho ni wa mdomo, mbele ya watu watatu. Ukipita unaingizwa kwenye orodha ya mawakala wa nchi na kupewa namba, na bila namba hiyo huruhusiwi kumuuzia mtu hata banda la kuku. Mazoezi yenyewe yana kikomo. Muda ukiisha kabla hujapita, unaanza upya.

Mama alinipigia simu kutoka Bukavu, nikamweleza yote hayo kwa fahari.

"Donc," akasema, "ulienda Bulaya juu ya kuwa komisionere?"

Kwetu Bukavu komisionere ni mtu wa simu mbili na viatu vya vumbi, anayekuonyesha nyumba ambayo mwenyewe wala hana habari kwamba inapangishwa. Nikamwambia hapa kazi hiyo inasomewa, ina diploma. Mama akacheka mpaka akakohoa. Nilikata simu nimekasirika, nikatoka kutembea, kama kawaida yangu.

Mwalimu wangu wa mazoezi, ambaye nilimwita bosi, alikuwa mwanamke wa Brussels, mfupi, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Hakuwa na maneno ya kupaka mafuta. Wiki ya kwanza alinipa sheria moja kubwa kuliko zote. Alisema mwenye nyumba ana haki ya kutaka mpangaji mwenye kazi, mwenye mshahara wa kutosha, asiyevuta sigara ndani. Akianza kuzungumzia ngozi, dini au nchi ya mtu, unamwambia hapana. Unamwandikia barua ya kumwambia hapana. Aking'ang'ania, unamrudishia funguo zake. Na anayewahi kuleta faili kamili ndiye anayepelekwa wa kwanza kwa mwenye nyumba, awe nani awe nani.

Mwaka wa pili nikapata nafasi ya kuitumia. Bibi mmoja wa Uccle, mwenye bustani kubwa kuliko uwanja wa shule niliyosoma, alinimiminia kahawa kwenye kikombe chembamba, akaniambia kwa upole kwamba hapendelei Waafrika. "Pas vous, bien sûr," akaongeza, eti si mimi. Damu ilinipanda, lakini maneno yalinitoka yamenyooka, kifungu baada ya kifungu, kana kwamba nayasoma ukutani. Nilimaliza kahawa yake, nikaweka kikombe chini polepole, na jioni hiyo hiyo nikamwandikia barua. Bosi aliisoma akasema "Bien." Kwa bosi, hiyo ni hotuba nzima. Nakala ya barua ile niliiweka kwenye faili langu la mtihani wa mdomo, ukurasa wa mbele kabisa.

Faili lilikuwa na pengo moja. Bosi alitaka ndani yake kuwe na nyumba niliyoishughulikia mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, yaani nimpate mwenye nyumba, nimtafutie mpangaji, nisimamie mkataba. Muda wangu wa mazoezi ulikuwa unaisha kiangazi kile. Kila mwenye nyumba niliyempigia alisema atanipigia, na hakuna aliyenipigia. Ndipo papa akanipigia.

Namwita papa, yaani baba, kwa heshima tu, si ndugu yangu wa damu. Ni mtu wa Bukavu aliyetangulia kuja huku. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest, kile kilichofungwa, na kwa mshahara wa kiwanda akanunua nyumba ya ghorofa mbili mitaa michache kutoka hapo. Nilipotolewa kwenye kituo cha wakimbizi sina pa kwenda, mkewe alikuwa hai bado, na wawili hao walinipa kochi la sebuleni. Nililala hapo miezi minane. Mtu aliyekulaza miezi minane huwezi kumwita kwa jina lingine.

Sasa ghorofa yake ya pili ilikuwa tupu, vyumba viwili na jiko, na alitaka nimtafutie mpangaji. Nilipanda tramu siku hiyo hiyo. Alikuwa amepika mwenyewe, fufu na sombe ya majani ya muhogo na wale samaki wadogo wa kwetu, sambaza, wa kukaanga.

"Mutoto yangu, kula kwanza," akasema. "Mambo ya nyumba itakuya kisha."

Nikala. Tukiwa katikati ya chakula akasafisha koo.

"Bon. Sikia. Nyumba nakupatia, fanya papiers yako yote. Lakini kitu moja. Usiniletee bantu yetu."

"Bantu yetu gani, papa?"

"Ya kwetu. Congo, Burundi, Rwanda, bote. Leta Babelgiji, leta Baespanyole, leta ata Bachinois. Ya kwetu, non."

Nilikuwa nimeshika tonge. Ningekuwa Uccle, na kikombe chembamba mkononi, ningejua la kusema. Lakini kwetu humkatalii mtu mzima ukiwa na fufu yake vidoleni, tena mzee aliyekufungulia mlango wakati milango yote imefungwa. Kuna namna ya kumeza tonge na neno kwa pamoja, na sisi sote tumefundishwa namna hiyo tungali wadogo.

"Ndiyo, papa," nikasema.

Kesho yake bosi aliuliza kama mwenye nyumba ana masharti yoyote ya pekee. Nikamjibu hana. Nilikuwa nimejipangia vizuri sana kichwani: nitaleta watu wote, papa atamwona mmoja mwenye kazi nzuri na adabu, atalainika, sharti lake litakufa lenyewe bila mimi kulitaja. Ndivyo tunavyowapinga wazee wetu siku zote, kwa kuzunguka nyuma ya nyumba.

Mtu wa kwanza kupiga simu kuhusu tangazo alianza na "Allô, bonjour madame," na kabla hajafika mwisho wa sentensi nilishajua ametokea wapi.

"Dada, wewe si wa Bujumbura?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

Akaangua kicheko. "Umejuaje? Niko wa Buyenzi!"

Alikuja Alhamisi, siku papa alipokuwa na miadi hospitalini, na siku hiyo sikuichagua kwa bahati. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kitambaa cha kijani kichwani, viatu vya kazi. Alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia huko Uccle. Aliishi Saint-Josse na watoto watatu katika chumba kimoja chenye ukungu dirishani. Ukungu huo hakunieleza kwa kulalamika, alinieleza kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. Chumba cha pili alikipima kwa mikono, akinyoosha kushoto na kulia, akatembea hatua nne, akarudi.

"Kitanda ya juu na chini inaingia," akasema. "Na table ya mukubwa, ya devoirs ya shule, hapa ku dirisha."

Aliniachia karatasi zake palepale: mkataba wa kazi wa kudumu, hati za mshahara, barua ya mwenye nyumba wake. Faili lilikuwa kamili. Nikamwambia, na nikamwambia kwa furaha, kwamba faili lake ni la kwanza na kwamba nitampigia. Alishuka ngazi akihesabu vidato kwa sauti ya chini, nadhani kwa ajili ya mtoto wake mdogo.

Jirani wa ng'ambo alimwona. Jioni papa akapiga simu, wala hakupaza sauti. Angepaza sauti, ningepata pa kushika.

"Mutoto, nilikuambia nini?"

"Papa, ule maman ako na kazi, ako na contrat ya muzuri, na dossier yake ndio ya kwanza..."

"Sikukuuliza kazi yake. Nilikuambia nini?"

Vifungu vyote vya sheria nilivijua. Vilikuwa vimekaa kwenye faili langu, ukurasa wa mbele, vimetiwa sahihi na mimi. Hakuna hata kimoja kilichopanda mpaka mdomoni. Nikasema "Ndiyo, papa," mara ya pili, na kesho yake nikampigia yule mwanamke.

Nilizungumza Kifaransa tangu neno la kwanza. Nilimwita madame. Nilitumia sauti ile ya ofisini, iliyopigwa pasi, nikamweleza kwamba nyumba kwa bahati mbaya imeshachukuliwa. Ilikuwa haijachukuliwa na mtu yeyote. Nikasikia nyuma yake mzee mmoja akiita muuguzi.

"Haya, dada," akasema. "Asante ya kunijulisha."

Nilipata vijana wawili Wabelgiji, mume na mke, watu wazuri, sina neno nao. Lakini walikuja kuona nyumba siku nne baadaye, na siku hizo nne zote, katika kiherehere changu cha kutaka jambo liishe, niliacha tangazo likionekana wazi. Siku ya tatu simu yangu ikalia. Yule mwanamke wa Buyenzi alikuwa amenitumia picha ya tangazo lile, siku na saa vikionekana juu yake. Hakuandika hata neno moja.

Picha ile ilitosha. Mtu akiipeleka kwenye ofisi inayopokea malalamiko kama hayo, na akiongeza karatasi zake na saa ya simu yangu, mimi sina utetezi. Sikuwa na namba bado, na namba nisingeipata tena. Zilibaki wiki tano kabla ya mtihani wa mdomo. Nataka niseme ukweli hapa, kwa kuwa nimeusema mahali pachache katika habari hii: jambo la kwanza nililoliogopea lilikuwa kibali changu. Yule mwanamke na kitanda chake cha juu na chini walikuja nyuma, wa pili.

Roho yangu ilikuwa juu juu wiki zile. Simu ikitetemeka mfukoni, naitoa na kuirudisha bila kuisoma. Nilipanda tramu nikashuka kituo cha pili, nikatembea, nikapanda nyingine. Nilikula nimesimama. Nilisafisha madirisha yangu mara tatu katika wiki moja, jirani akaniuliza kama ninahama tena. Ofisini nilihamisha meza yangu upande wa ukutani, kisha nikairudisha, mpaka bosi akavua miwani yote miwili akaniambia nikae, ninampa kizunguzungu. Mkataba wa ghorofa ya papa uliwekwa sahihi, faili langu likakamilika, bosi akaandika pembeni kwamba kazi ni safi. Nililisoma neno hilo, safi, nikaenda chooni kunawa mikono.

Nilipoona siwezi kukaa tena, nikaenda Forest. Papa alikuwa ameshaweka sahani mbili. Safari hii nilisimama, nikaacha koti mwilini, na sikunawa.

"Kula kwanza," akasema.

"Hapana, papa. Leo nitasema kwanza."

Akaweka kijiko chini. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia sentensi hiyo mezani kwake. Nikamwambia:

"Ule maman, nilimudanganya. Wewe ulinituma, mais mudomo ilikuwa yangu. Ile kitu tulifanya, sheria inakataza. Na ata kama sheria haikatazi, iko mubaya."

Nilijua kinachofuata. Fadhila ya punda ni mashuzi, na mimi ndiye punda. Nilitegemea anitajie kochi, sahani, barua alizonisomea nilipokuwa sijui Kifaransa cha ofisi. Hakutaja. Alivunja mfupa wa sambaza kwa kidole, na samaki huyo hana mfupa wa kuvunja.

"Mbele ya bale Babelgiji," akasema mwishoni, "unajua nani alikala pale yulu?"

Nilijua. Mpangaji aliyetangulia alikuwa mtu wa kanisa lake, wa Bukavu, na familia yake.

"Bon. Binti yangu aliachana na bwana yake, alitaka kurudia hapa. Nikamuambia ule ndugu, ndugu, nahitaji nyumba juu ya mutoto. Akasema, papa, tupatie wakati kidogo. Trois ans! Mwaka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Binti akaenda kupanga Liège. Mutoto yangu mwenyewe alikosa fasi ndani ya nyumba yangu."

"Ungemuandikia, papa."

"Kumuandikia?" Alinicheka, lakini bila furaha. "Muzungu naweza kumuandikia recommandé, ile barua ya posta ya kusaini. Atakasirika, ataenda, kwisha. Ule tuko naye banc moja ya kanisa kila dimanche. Alizika bibi yangu pamoja na mimi. Nitamuandikia nini? Mwenzako huwezi kumuambia toka. Alors unafanya asiingie."

Kisha akatazama kochi. Sikutaka alitazame.

"Ata wewe," akasema taratibu. "Huit mois. Kuna siku nilitaka kukuambia toka. Bibi yangu alikuwa anaanza kugonjwa. Nilishindwa."

Uso ulinichoma. Miezi minane ile nimeibeba maisha yangu yote ya huku kama kitu nilichopewa kwa moyo mweupe, na sasa nasikia kwamba kuna asubuhi nilipokuwa nakunja blanketi langu huku mtu jikoni akitafuta namna ya kunifukuza, na heshima ikamfunga mdomo. Nikamuuliza ilikuwa mwezi wa ngapi. Akapunga mkono, akasema ilishapita, nikae nile. Sikukaa. Kwenye ngazi nilisikia juu wale vijana wakicheka na redio.

Nilitembea kutoka Forest mpaka kwangu, mwendo wa zaidi ya saa moja, nikimkasirikia papa, nikimhurumia, nikimkasirikia tena. Sababu yake niliielewa mpaka mwisho wake. Hata mimi ningeshindwa kumtoa yule ndugu wa kanisani, na ndiyo maana nilishindwa kumkatalia papa mwenyewe. Lakini mwanamke wa Buyenzi hakuwa amemkosea mtu. Hakuwahi hata kukaa kwenye benchi lile la kanisa. Alilipia deni la heshima zetu sisi wawili, bila kujua kama lipo.

Siku ya mtihani nilifika mapema mno, nikazunguka jengo mara nyingi hata mlinzi akaanza kunitazama. Ndani walikuwa watatu, mwanamume mmoja na wanawake wawili, chupa ya maji katikati. Waliniuliza juu ya mikataba, vyeti vya umeme, amana ya mnunuzi. Nilijibu. Kisha yule mwanamke mkubwa akafungua faili langu, akakutana na barua ya Uccle ukurasa wa mbele. Aliisoma yote, akawapa wenzake. Yule mwanamume akasema laiti wanafunzi wote wangekuwa na ujasiri huo.

Mwanamke yule mkubwa hakusema hivyo. Aliniangalia juu ya karatasi, akaniuliza kama tangu hapo haijawahi kunitokea hali iliyokuwa ngumu zaidi ya ile.

Simu yangu ilikuwa kwenye begi, miguuni, imezimwa, na picha imo ndani. Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na sentensi yenyewe, nilishaisema mara moja kwa papa, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutoijua. Ningeweza kuisema, na pengine wangeniheshimu, na pengine wangefunga faili. Nikaiona miaka yote ya masomo ya jioni, nikaiona ndoo.

"Jamais," nikasema. Kamwe.

Akaandika kitu. Wakanishukuru.

Barua ilikuja baada ya siku chache. Nimepita. Namba yenyewe ilifuata, na bosi alileta keki ya sukari ofisini, akanikata kipande kikubwa kuliko cha kwake. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani wa Bukavu wakaingia kuuliza nani anaolewa. Papa naye akapiga, sauti imejaa kicheko.

"Proficiat, mutoto yangu! Sasa tuko na agent ya kwetu. Nitakutumia bantu ya église bote, banahangaika sana na nyumba."

Nilishika simu nisijue kama nicheke au niitupe. Hakuwa anatania. Alitaka kwa moyo wake wote watu wetu wapate nyumba, ilimradi ziwe nyumba za watu wengine. Nikamwambia asante. Nikavaa koti.

Yule mwanamke wa Buyenzi nilimpigia mara tatu, hakupokea. Mahali pake pa kazi nilipajua kutokana na hati zake za mshahara, na kutumia karatasi za mteja kwa jambo la namna hiyo nako kumekatazwa. Ndicho kitu cha kwanza nilichokifanya nikiwa wakala mwenye kibali. Nilipanda tramu hadi Uccle, nikasimama karibu na mlango wa wafanyakazi, nikitembea kutoka kwenye ua mpaka kituo cha basi na kurudi. Zamu ya asubuhi ilipoisha akatoka, kitambaa cha bluu safari hii, begi begani. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ni ule dada wa nyumba," akasema.

Nikamweleza yote, kwa Kiswahili, haraka haraka, nikimfuata kuelekea kituoni. Nilimweleza habari za mzee na sharti lake, za fufu, za simu, za mtihani na lile neno nililolisema mbele ya watu watatu. Alisikiliza macho yakiwa kwenye ubao wa saa za mabasi.

"Ile picha," nikamuuliza, "mbona hukuipeleka popote?"

"Ningeipeleka saa ngapi? Matin niko huku, soir niko na watoto." Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyeinua wazee tangu alfajiri. "Nilikutumia ili ujue kama niliona."

"Nakuomba msamaha, dada."

"Msamaha nitaiweka wapi? Tuko wane ndani ya chambre moja. Ata kitanda ya mutoto nimekosa fasi." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Ile numéro yako, uliipata?"

"Nimeipata."

"Basi fanya kazi."

Nikatoa daftari. Nikamuuliza maswali ambayo namuuliza mteja yeyote. Vyumba vingapi: deux, viwili. Mtaa gani: wowote wenye shule karibu. Kazi: ileile. Watoto: walewale. Aliyajibu yote kwa utaratibu, kama aliyekwisha kuyajibu kwa watu wengi. Likabaki swali la mwisho kwenye fomu yetu, nikamuuliza anahitaji nyumba kuanzia lini.

"Tangu siku ile ulinipigia," akasema, akapanda basi.